Safari ya kuvua samaki na familia: Malazi ndiyo ya kuanza kutafutwa

MSIMU wa likizo ya shule unapobisha hodi, mzazi aliyezoea kuwapeleka wanawe Mombasa au kijijini huenda akapata wazo jipya: siku tatu kando ya ziwa, ndoana mkononi na samaki wa kukaanga jioni. Hununua mishipi na ndoana, akauliza ni wapi samaki wanavuliwa kwa wingi, akatazama picha za nyumba zinazoelekea majini, kisha akatuma malipo ya kwanza kwa simu. Iwapo nyumba hiyo inamfaa mtoto wa miaka mitano ni swali ambalo aghalabu huzuka usiku wa kwanza, wakati kiboko anakoroma nyuma ya dirisha na hakuna ua wowote baina yake na mlango.

Mvuvi anayesafiri peke yake anaweza kulala popote, hata ndani ya gari. Familia haiwezi. Uvuvi wa ndoana wenyewe huchukua saa tatu au nne za asubuhi, kabla ya upepo kuvuma na watoto kuchoka. Saa zinazosalia, za mchana wa jua kali na usiku wa giza, hupitishwa mahali pa kulala. Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa hivyo, anayepanga safari ya aina hii hana budi kuanza na malazi, kisha ndipo aulizie samaki.

Kila ziwa na tabia yake

Ziwa Naivasha, lililo takriban kilomita 90 kutoka Nairobi, ndilo kimbilio la wengi wenye watoto wadogo. Barabara ni ya lami na mji uko karibu. Isitoshe, kwa kuwa ziwa hilo liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, malaria si tishio kubwa kama ilivyo katika maziwa ya nyanda za chini. Hata hivyo, baridi ya usiku huko ni kali na hema jembamba halimfai mtoto mchanga.

Takriban samaki wote wanaovuliwa Naivasha walipandikizwa na binadamu. Mwaka wa 1929, samaki mwenye domo pana kutoka Marekani aliletwa mahususi kwa wavuvi wa burudani. Tilapia pia si wenyeji, na kamba wekundu wa maji baridi waliingizwa mwaka wa 1970. Familia inayochoka na ndoana ina mengine ya kufanya: mbuga ya Hell's Gate, ambapo wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli, iko karibu na ufuo wa kusini.

Ziwa Victoria ni jambo jingine kabisa. Kenya inamiliki takriban asilimia sita pekee ya ziwa hilo lenye ukubwa wa kilomita mraba 68,800, lakini sehemu hiyo ndogo inatosha kumpa mgeni ufuo wa Dunga mjini Kisumu, fuo za Homa Bay na Mbita, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Hapa ndipo panapopatikana mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, na ambaye akikomaa anaweza kumzidi mtu mzima kwa uzani. Wapo pia ngege, ambao ndio tilapia wa ziwa hilo.

Tofauti baina ya visiwa hivyo viwili ni muhimu kwa mwenye watoto. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, hivyo gari hufika hadi mlangoni, na mtoto akiugua usiku anaweza kukimbizwa hospitalini kwa barabara. Mfangano hufikiwa kwa boti au feri. Uzuri wake hauna mfano, na michoro ya kale kwenye miamba yake huwavutia wengi, lakini mzazi anayekwenda huko na mtoto mwenye pumu anapaswa kujua mapema kituo cha afya kiko wapi na boti ya dharura ni ya nani.

Ziwa Baringo, kaskazini mwa Nakuru kupitia Marigat, ni la maji baridi na lina tilapia, kambare na kamongo. Wapenzi wa ndege hawachoki kulitembelea. Joto la huko ni kali, mbu ni wengi, na viboko na mamba huishi humo kwa pamoja. Aidha, sehemu kadhaa za kaunti hiyo zimekumbwa na mashambulizi ya majangili wa mifugo. Mnamo Februari 2023 serikali iliwatuma wanajeshi kuwasaidia polisi katika kaunti kadhaa za eneo hilo la kaskazini mwa Bonde la Ufa, Baringo ikiwa miongoni mwazo. Mgeni anafaa kuulizia hali ya barabara wiki ile ile anayosafiri, wala si mwezi mmoja kabla.

Turkana, lenye mbuta wakubwa na upepo usiojua huruma, ni ziwa la wavuvi waliokomaa. Umbali wake na ugumu wa kupata huduma za haraka hulifanya lisiwafae watoto wanaoshika ndoana kwa mara ya kwanza.

Kiboko ana njia yake

Hatari ambayo picha za matangazo hazionyeshi ni kiboko. Mnyama huyu hushinda majini mchana, na giza linapoingia hutoka kula nyasi, akitembea hata kilomita kadhaa kabla ya kurejea alfajiri. Hufuata njia zile zile usiku baada ya usiku. Anayesimama kati yake na maji ndiye aliye hatarini zaidi, kwa maana kiboko akishtuka hukimbilia ziwani bila kujali kilicho mbele yake.

Saa hizo za alfajiri ndizo mvuvi anazotoka nyumbani na fimbo yake begani. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mwenye kambi halipaswi kuwa bei ya kitanda, bali njia ya kutoka nyumbani hadi kwenye gati inapita wapi na nani huwasindikiza wageni kukiwa bado na giza. Kambi inayojiheshimu huwa na askari wa zamu mwenye tochi, na huwaambia wageni waziwazi wasitembee ufuoni kuanzia magharibi.

Swali la pili ni kuhusu ua. Kambi nyingi za Naivasha huweka nyaya za umeme kati ya nyasi za wageni na ufuo. Ni ulinzi mzuri iwapo zimewashwa. Mzazi aulize kama zina betri au jenereta stima zinapopotea, na kama ua huo umezunguka pande zote au umewekwa upande wa maji peke yake.

Swali la tatu ni choo. Banda lenye choo nje, hatua 30 kupitia kichakani, huenda likawa la kuvutia kwa vijana. Kwa mtoto anayeamka saa nane usiku, au nyanya mwenye magoti yanayouma, choo hicho ni hatari. Familia yenye watoto wadogo au wazee ichague nyumba yenye choo ndani, hata ikibidi kupunguza usiku mmoja wa safari ili kumudu gharama.

Mamba nao, ambao wapo Baringo na sehemu kadhaa za Victoria, huvutiwa na mabaki ya samaki. Mahali pa kuparua magamba na kutumbua matumbo panapaswa kuwa mbali na ukingo wa maji, penye meza na bomba. Kambi ambayo wageni wake huosha samaki wakiwa wameinama ziwani jioni haijali usalama wao.

Maji yalifika wapi?

Katika miaka ya karibuni, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Mwaka wa 2020, maji ya Baringo yalimeza nyumba, shule na hoteli zilizokuwa kando yake, huku yale ya Naivasha yakiingia katika makazi ya Kihoto. Wakazi wa Kihoto walilazimika kuhama tena maji yalipopanda mwaka wa 2025. Ziwa Victoria nalo lilivunja kingo zake mwaka wa 2020 na 2024.

Kwa mgeni, maana yake ni kwamba picha iliyopigwa miaka michache iliyopita huenda inaonyesha bustani ambayo sasa ni makazi ya kambare. Ni busara kuomba picha iliyopigwa wiki hiyo, na kumuuliza msimamizi maji yalifika wapi mwaka wa 2020. Anayefika mwenyewe atazame ishara: miti mikavu iliyosimama majini, alama ya tope ukutani, au gati ambalo mwanzo wake umezama.

Mafuriko huharibu zaidi ya sakafu. Mashimo ya vyoo yakijaa maji, uchafu huingia ziwani na visimani. Nyumba iliyo juu kidogo, ambapo familia hutembea dakika tano kufika ufuoni, mara nyingi huwa salama na kavu kuliko ile inayosifiwa kwa kuwa maji yako chini ya dirisha.

Mbu na kichocho

Kaunti zinazopakana na Ziwa Victoria ni miongoni mwa zile zenye malaria nyingi zaidi nchini. Mtoto aliyelelewa Nairobi, Nyeri au Eldoret hana kinga yoyote anayoweza kuitegemea. Malazi ya huko, na vilevile Baringo, lazima yawe na chandarua kisichotoboka kwa kila kitanda, kikiwemo cha mtoto mchanga, pamoja na wavu kwenye madirisha. Chandarua kimoja kilichoning'inizwa juu ya vitanda viwili hakimkingi yeyote.

Ni vyema pia kumwona daktari kabla ya safari ili ashauri kuhusu dawa za kuzuia malaria, hasa kwa watoto na wajawazito. Kubwa zaidi ni lile linalosahaulika: dalili za malaria huchukua angalau wiki moja, na mara nyingi siku 10 hadi 15, kujitokeza. Kufikia wakati huo familia imesharejea nyumbani na ndoana zimewekwa stoo. Mtoto akipatwa na homa, mzazi amweleze daktari mara moja kwamba walikuwa ziwani.

Kichocho ni adui asiyesikika. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wanaoishi katika maji ya kina kifupi yenye magugu, na huweza kupenya ngozi ya binadamu katika muda wa dakika chache. Sehemu hizo ndizo watoto hupenda kuchezea wakati baba anasubiri mshipi utikisike. Katika fuo za Ziwa Victoria, watoto wasiruhusiwe kuogelea wala kusimama majini. Wavulie kwenye gati au ndani ya boti.

Mzazi aulize pia maji ya bafu yanatoka wapi. Maji ya kisima kirefu, au yale yaliyokaa kwenye tangi siku mbili kabla ya kutumika, ni salama zaidi kuhusiana na kichocho kuliko yanayopampiwa moja kwa moja kutoka ziwani hadi bombani. Ya kunywa yachemshwe au yanunuliwe.

Boti ni sehemu ya malazi

Wengi hutenganisha kitanda na boti, wakidhani kwamba watapata chombo wakishafika. Hapo ndipo familia hujikuta ikipanda mtumbwi wa mtu isiyemjua, saa tisa alasiri, wakati upepo umeanza. Katika Naivasha na Victoria, asubuhi huwa na utulivu na alasiri huwa na mawimbi. Nahodha mzuri hukataa kutoka mawingu yanapojikusanya, hata mgeni akimwongezea pesa.

Malazi yanayofaa ni yale ambayo msimamizi wake anaweza kumtaja nahodha, kueleza amefanya kazi hiyo kwa muda gani, na kuonyesha jaketi za kuokoa maisha. Jaketi hizo ziwe za ukubwa wa watoto. La mtu mzima humtoka mtoto kichwani mara anapotumbukia majini, na ni sawa na kutokuwa nalo. Familia ambayo haijapata uhakika huo inunue au ikodishe jaketi za watoto mjini kabla ya kuondoka.

Pale ambapo hakuna kambi yenye boti zake, kamati za usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, huzijua boti zote za eneo lao na wenyewe. Ofisi yao kwa kawaida iko pale pale samaki wanapoteremshwa. Katika Ghuba ya Winam, wao pia ndio watakaomweleza mgeni gugu maji liko wapi siku hiyo, kwa sababu upepo huweza kulisukuma usiku mmoja na kuufunga ufuo uliokuwa wazi jana yake.

Uvuvi wa burudani pia una leseni yake. Mwenye kambi anayeijua kazi yake ataeleza inapatikana kwa afisa gani wa uvuvi. Anayejibu kwamba hakuna anayeuliza mambo hayo anampa mgeni sababu ya kuyatilia shaka majibu yake mengine.

Hema, banda au hoteli?

Hema ni nafuu na huwafurahisha watoto waliofikisha umri wa shule ya msingi. Lipigwe ndani ya ua na mbali na njia ya viboko, na chakula kisihifadhiwe ndani yake. Banda au nyumba ya kupanga kwa siku, yenye jiko na friji, huifaa familia kubwa. Hapo samaki walionaswa hupikwa siku hiyo hiyo, na mtoto anayekula uji saa kumi na mbili hasubiri jiko la hoteli lifunguliwe. Hoteli inayojumuisha vyakula vyote ni ghali, lakini huondoa kazi ya kupika na mara nyingi huwa na bwawa la kuogelea, jambo ambalo kando ya Ziwa Victoria ni kinga dhidi ya kichocho.

Katika kulinganisha bei, gharama ya kitanda pekee hudanganya. Tuseme nyumba iliyo kilomita 12 kutoka ufuoni ni nafuu kwa Sh2,000 kwa usiku kuliko ile yenye gati lake. Kilomita 24 za kwenda na kurudi kila siku, kiingilio cha ufuo na chakula cha mchana cha kununua huweza kuila nafuu hiyo yote, na bado watoto wakaamshwa saa moja mapema. Mzazi ajumlishe kitanda, mafuta ya gari, boti, leseni, chakula na kiingilio, kisha agawanye kwa idadi ya siku. Boti nayo aulize kama hulipwa kwa saa au kwa safari, na mafuta yake yanatoka kwa nani.

Likizo ni ya nani?

Lipo jambo ambalo halimo katika bei wala kwenye picha. Katika safari nyingi za aina hii, mmoja huvua huku mwingine akibaki nyumbani na mtoto aliyelala, akipika, akifua na kuchunga wengine wasiukaribie ufuo. Mara nyingi anayebaki ni mama, na siku tatu za likizo huwa kwake siku tatu za kazi ile ile katika jiko asilolizoea. Nyumba yenye kibaraza kinachouona uwanja wote wa michezo, gati lililo karibu kiasi cha kubadilishana zamu, au mpishi wa kukodiwa kwa siku, humpa naye nafasi ya kushika ndoana.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma malipo, familia iketi pamoja na kupiga simu moja ndefu. Iulizie ua na njia ya gati, choo, vyandarua, maji ya bafu, mahali maji yalipofika mwaka wa 2020, jaketi za watoto, jina la nahodha na hospitali iliyo karibu. Msimamizi mwenye majibu yaliyonyooka anastahili kulipwa. Anayecheka na kusema kwamba mgeni ataona mambo yote akifika aachwe, hata kama nyumba yake ni ya bei nafuu na ziwa lake limejaa samaki.

Na iwapo samaki watakataa chambo siku zote tatu, kama wafanyavyo mara nyingi, wavuvi wa pale ufuoni watakuwa na ngege wa kuuza asubuhi. Watoto watamla kwa ugali na sukuma wiki, na wazazi watakuwa wamelala usiku kucha bila kuamka kuhesabu vichwa vya wanao.